Mtoto Kagongwa, Ulikuwa Wapi?

Barua zenu kuhusu michango ya shule zimenifikia, wasomaji wapenzi, na nyingi zinastahili majibu. Nitazirudia Jumapili ijayo, majaliwa. Leo naomba ruhusa nizungumze jambo jingine, ambalo nimekaa nalo moyoni tangu mwaka 2021, na ambalo barua moja ya wiki iliyopita imenilazimisha kulitoa. Mama mmoja ameniandikia kwamba mwanawe wa miaka mitatu aligongwa na pikipiki mbele ya nyumba, kwamba mumewe hasemi naye tangu siku hiyo, na kwamba anataka kujua kama kweli kosa ni lake. Ameomba jina lake lisitajwe. Sitamjibu kwa neno moja, kwa sababu nimekwisha kuona jinsi neno moja linavyoweza kuiharibu nyumba.

Mtaa ninaokaa ni mmoja wa ile mitaa ya Dar es Salaam ambayo kwa miaka mingi ilikuwa na barabara ya vumbi yenye makorongo, na gari lililothubutu kupita lilikwenda mwendo wa mtu aliyejitwisha ndoo. Mwaka 2020 tukatiwa lami. Tulishangilia, nami nilikuwa miongoni mwa walioshangilia, maana tulikuwa tumechoka kufuta vumbi kwenye vyombo. Hakuna aliyeuliza matuta yatakuwa wapi, wala watu watavukia wapi. Lami ilipokwisha kukauka, magari yanayokwepa foleni ya barabara kuu yaliigundua njia yetu, na pale ambapo watoto walizoea kucheza mpira wa matambara pakageuka njia ya mkato.

Mwishoni mwa Aprili 2021, katikati ya mfungo wa Ramadhani, yapata saa kumi na moja na nusu jioni, jirani yangu alikuwa uani akikaanga vitumbua vya kuuza. Mafuta yakamwishia. Akamtuma binti yake wa miaka tisa akanunue nusu lita katika duka lililo ng'ambo ya barabara. Mdogo wake wa kiume, mwenye miaka minne, akalia kufuatana naye. "Haya, nenda naye, lakini mshike mkono," mama akasema, na binti akamshika. Walivuka salama, wakanunua mafuta, wakarudi hadi ukingoni mwa lami, wakasimama kusubiri bajaji ipite. Wakati huohuo baba yao alikuwa ameshuka kwenye daladala, anatembea upande wa nyumbani, tikiti maji la futari li mkononi mwake. Mtoto akamwona baba yake. Akachomoa mkono, akakimbia.

Pikapu iliyokuwa ikisambaza soda madukani ikamgonga. Niseme mapema, ili msomaji asiisome makala hii kwa hofu, kwamba mtoto hakufa. Alivunjika mfupa wa paja la kushoto, akapasuka juu ya sikio, akalazwa hospitali wiki tano mguu wake ukiwa umening'inizwa kwa kamba na uzito.

Kabla hata hajapakiwa kwenye bajaji kupelekwa kutibiwa, baraza la mtaa lilikuwa limekwisha kuketi. Vijana walitoa hukumu yao kwanza: dereva ashushwe. Mmoja alikuwa tayari na jiwe mkononi. Mwenyekiti wetu wa serikali ya mtaa, mzee ambaye siku nyingine tunamcheka kwa kupenda hotuba, siku hiyo hakuhutubu. Aliuegemea mlango wa pikapu kwa mgongo wake na kusema kwamba atakayetaka kumpiga yule kijana aanze na yeye. Wanawake wenzangu walikuwa na hukumu nyingine, waliyoitamka kwa sauti ya chini: mama gani anamtuma mtoto kuvuka barabara saa kama hii? Na baba, alipokwisha kumkabidhi mtoto kwa waliokuwa ndani ya bajaji, alimgeukia mkewe na kumwuliza lile swali nililoliandika juu ya makala hii. Mke akajibu kwamba alikuwa jikoni. Kisha naye akamgeukia binti yake. "Sikukwambia umshike mkono?" Na kibao kikafuata. Binti alikuwa bado amesimama palepale ukingoni, chupa ya mafuta mkononi, wala hakuna tone lililokuwa limemwagika.

Kwa muda wa nusu saa lawama ilikuwa imetoka kwa mtu mzima aliyeshika usukani, ikapita kwa mama, ikatua kwa mtoto wa miaka tisa, ambaye hakuwa na mdogo mwingine wa kumtwika. Nimeyaona haya mara nyingi baadaye, katika nyumba zenye yaya na katika nyumba zenye bibi. Penye yaya, mwisho wa safari ni yaya, ambaye mara nyingi naye ni msichana mdogo aliyeletwa kutoka kijijini, na hufukuzwa usiku huohuo.

Hapa inanibidi nikiri jambo kuhusu kazi yangu. Katika miaka yangu ya mwanzo gazetini niliandika habari nyingi za ajali, fupifupi, za kujaza safu. Karibu kila moja ilikuwa na sentensi isemayo kwamba mtoto "alikatiza ghafla" au "alivuka bila uangalifu". Sentensi hiyo niliipata kwa askari, naye aliipata kwa dereva, kwa kuwa dereva ndiye pekee aliyekuwa na uwezo wa kutoa maelezo. Mtoto alikuwa chumba cha maiti, au amelazwa hajitambui. Na pale ambapo sikumlaumu mtoto, nililiandika gari kana kwamba lilijiendesha lenyewe: gari liliacha njia, gari lilimparamia. Hakuna mhariri aliyewahi kuniuliza mtoto wa miaka minne anapata wapi huo uangalifu niliosema hakuwa nao.

Jibu ni kwamba hana. Mtafiti mmoja wa Sweden, Stina Sandels, alitumia miaka mingi tangu miaka ya 1960 kuwachunguza watoto wadogo barabarani. Alionyesha kwamba mtoto hushindwa kutambua sauti ya gari inatoka upande gani, hushindwa kukadiria mwendo wake, na akiwa na jambo moja analolitamani mbele yake hulisahau jingine lote. Unaweza kumfundisha wimbo wa kuangalia kulia na kushoto, akauimba vizuri mbele ya mwalimu, kisha akakimbilia mpira dakika ileile. Sandels alihitimisha kwamba mtoto mdogo hawezi kutengenezwa alingane na barabara, na kwa hiyo barabara ndiyo itengenezwe ilingane naye. Tena kuna kimo. Mtoto wa miaka minne ana urefu wa kadiri ya mita moja. Mbele ya pikapu iliyoegeshwa, yeye haoni barabara, wala barabara haimwoni.

Sasa chukua dereva. Yule kijana aliwaambia askari kwamba alikuwa akienda kilomita 50 kwa saa, na sina sababu ya kudhani alidanganya. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inaruhusu mwendo huo katika maeneo ya makazi. Lakini kilomita 50 kwa saa ni karibu mita 14 kwa kila sekunde. Mtu mzima aliye macho, asiye na kilevi wala simu sikioni, huhitaji kadiri ya sekunde moja tangu aone hatari hadi mguu wake ukanyage breki. Mtoto akitokea umbali wa mita 13, dereva wa mwendo huo huwa amekwisha kumfikia kabla hajaanza hata kupunguza. Dereva anayekwenda kilomita 30 hutembea mita 8 na kitu katika sekunde hiyo, na kwenye lami kavu husimama katika mita tano hivi zinazofuata. Mtoto ni yuleyule, kosa lake ni lilelile, na umbali ni uleule. Mmoja anasimama mbele yake akiwa na hasira na moyo unamdunda. Mwingine anampeleka hospitali.

Kwa hiyo namlaumu dereva? Ndiyo, kwa sehemu. Alipita mtaa wenye nyumba pande zote mbili, saa ya kuelekea futari, watoto wamejaa vibarazani, akachukulia kwamba kile ambacho sheria haikukikataza kinatosha. Kikomo cha mwendo ni cha juu kabisa, wala hakimlazimishi mtu kukifikia. Hata hivyo nilipozungumza naye baadaye nilimkuta kijana wa miaka 24 katika kazi yake ya kwanza, mwenye maduka 11 ya kufikisha soda kabla ya magharibi, na bosi anayempigia simu kila baada ya robo saa kumwuliza amefika wapi. Huyo bosi hakutajwa na yeyote katika lile baraza letu la barabarani. Wala haikutajwa lami isiyo na tuta hata moja. Wala, na hili nalisema kwa heshima ya nyumba ile, hakutajwa baba.

Jambo moja zaidi kuhusu yule dereva. Alisimama. Sheria inamtaka asimame, amsaidie majeruhi na kutoa taarifa polisi, lakini sote tunajua madereva wangapi hukanyaga mafuta. Tunawaita wanyama, kisha tunaokota mawe. Dereva aliyewahi kumwona mwenzake akipigwa hadi kufa na umati hahitaji kufundishwa na mtu kukimbia. Mzee wetu alipoukinga ule mlango kwa mgongo wake alimwokoa kijana mmoja, na yamkini alimwokoa pia mtoto mwingine ambaye siku moja atahitaji dereva wa kumwokota.

Yaliyofuata ndiyo sababu hasa ya makala hii, nami nawaomba akina mama wasome kwa utulivu.

Siku ya tisa, mtoto akiwa bado wodini, alikuja mjumbe wa mwenye pikapu. Alikuja kwa adabu, na kilo mbili za sukari, akakaa mkekani na kutoa pole. Kisha akatoa bahasha yenye shilingi laki tatu pamoja na karatasi iliyopigwa chapa. Jirani yangu akaniita niisome. Ilikuwa na mistari sita. Ilisema kwamba wazazi wanakiri mtoto aliingia barabarani kutokana na wao kutomwangalia, kwamba wamepokea fedha hizo kwa hiari, na kwamba hawatakuwa na dai lolote tena, leo wala siku zijazo.

Jirani yangu alikuwa tayari kutia sahihi. Nilipomwuliza kwa nini, alinitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la kipumbavu. "Si ni kweli, dada? Mimi ndiye niliyemtuma." Kwa siku tisa alikuwa amelisikia swali la mumewe, la mama mkwe wake aliyewasili kutoka Handeni, na la majirani waliokuja kumpa pole. Mjumbe yule hakuhitaji kumshawishi. Nyumba yake mwenyewe ilikuwa imekwisha kumaliza kazi hiyo.

Nikaiweka ile karatasi chini ya sahani, nikamwomba asubiri hadi mume arudi. Usiku ule tukaketi wanne, wao wawili, mwenyekiti na mimi, na kesho yake tukamtafuta msaidizi wa kisheria, mmoja wa wale ambao kazi yao ilitambuliwa kwa sheria ya mwaka 2017 na ambao hawadai malipo. Aliyotueleza nayaandika hapa kwa kuwa ninaamini kila nyumba iliyo karibu na barabara inapaswa kuyajua.

La kwanza ni kwamba kila gari linalotembea barabarani hapa kwetu linalazimika kuwa na bima ya kufidia watu wengine, iwapo litawaumiza. Fidia hiyo ni haki ya aliyeumia. Hupatikana kwa mazungumzo na kampuni ya bima au kwa hukumu ya mahakama, na muda wa kufungua madai ya namna hii ni miaka mitatu. Mwenye gari anayekimbilia kumaliza jambo kwa laki tatu si lazima awe mtu mbaya; pengine anahofia usumbufu. Lakini siku ya tisa hakuna daktari anayeweza kusema kama mguu wa mtoto utarefuka sawa na mwenzake, na sahihi ikitiwa leo huwa vigumu mno kuifuta kesho.

La pili lilimshangaza jirani yangu zaidi. Hata kama mama alikosea, kosa la mama halipunguzi haki ya mtoto. Haikuwa hivyo siku zote. Mwaka 1858 mahakama ya Uingereza iliamua kesi ya mtoto mdogo aliyegongwa na treni akiwa na bibi yake. Ikasema kwamba bibi alizembea, na kwa kuwa mtoto alikuwa chini ya uangalizi wake, uzembe wake uhesabiwe kuwa wa mtoto. Mtoto akakosa fidia. Miaka sabini na kitu baadaye ikaja kesi nyingine hukohuko, ambayo hukumu yake ilichapishwa mwaka 1933. Babu alikuwa akivuka barabara na mjukuu wa miaka minne amemshika mkono. Basi likawatokea, babu akashtuka, akamwachia mtoto na kujiokoa. Mahakama ikasema kwamba babu alizembea, naam, lakini mtoto alipwe fidia yake yote, kwa maana uzembe wa babu ni wa babu. Mahakama zetu zilirithi misingi ya sheria ya Kiingereza tangu mwaka 1920, na hukumu kama hizi, ijapokuwa haziwafungi majaji wetu, huzingatiwa. Wafaransa wamekwenda mbali zaidi. Kwa sheria waliyoipitisha Julai 1985, mtu yeyote mwenye umri chini ya miaka 16 akigongwa na gari hulipwa kwa madhara ya mwili wake, hata akiwa alivuka ovyo namna gani, isipokuwa kama alijidhuru kwa kusudi. Hawapotezi muda kumhoji mtoto kwa nini alikimbia.

La tatu lilimhusu binti. Kanuni ya Adhabu yetu inasema kwamba mtu aliye chini ya miaka kumi hawezi kutiwa hatiani kwa kosa lolote, liwe kubwa kiasi gani. Nilimwangalia jirani yangu wakati msaidizi wa kisheria anaisema sentensi hiyo. Aliinamisha kichwa, akafunga na kufungua fundo la kanga yake. Binti ana miaka tisa. Dola nzima, pamoja na polisi wake na magereza yake, imejizuia kumhukumu mtoto wa umri huo, na sisi tulimhukumu ukingoni mwa barabara kabla mwangwi wa breki haujatulia.

Mama mkwe, mtu wa dini, hakupendezwa na mazungumzo ya bima. Alisema kwamba ajali ni kudura, na kudai fedha ni kumpinga Mungu. Namheshimu, na sikumjibu. Alijibiwa na mdogo wake marehemu mumewe, mzee aliyesoma, ambaye alimkumbusha kwamba Kurani yenyewe, katika Suratun-Nisaa, imeeleza la kufanya pale mtu anapoua bila kukusudia: diya ikabidhiwe kwa jamaa za marehemu, isipokuwa wao wenyewe wasamehe kwa hiari, na aliyesababisha naye ana toba yake ya kutimiza, ambayo kwa asiyeweza kumwacha huru mtumwa ni kufunga miezi miwili mfululizo. Wanazuoni wa zamani walipanga tena kwamba katika kuua kwa bahati mbaya diya isimwelemee mtu mmoja, bali jamaa zake wachangie. Majeraha nayo yaliwekewa malipo yake. Kwa hiyo, mzee alisema, kuamini kudura hakujawahi kumzuia Mwislamu kufidia. Mama mkwe akanyamaza. Wenye dini nyingine na wenye mila za bara wana njia zao za kifuta machozi na za kupatana, nami sioni ubaya wowote ndani yake, mradi ule mkono wa pole usije na karatasi ya kutia sahihi.

Karatasi haikutiwa sahihi. Shauri la bima lilichukua miezi 14, kwa barua, kwa nauli, kwa vyeti vya daktari na ile fomu ya polisi ya PF3, ambayo baba aliihifadhi ndani ya msahafu isipotee. Walicholipwa mwishowe hakikuwa utajiri. Kililipa deni la hospitali na la jamaa waliochanga, na kikabaki kiasi kilichowekwa benki kwa jina la mtoto. Dereva alishtakiwa kwa uendeshaji wa hatari, akatozwa faini. Sikukuu ya Idi iliyofuata alikuja na kreti ya soda, akakaa mlangoni bila kujua pa kuiweka mikono yake, mpaka mama wa mtoto alipomwita ndani.

Nimeahidi kumjibu mama aliyeniandikia, na bado sijamjibu kuhusu nafsi yake. Ndugu yangu, sijui pikipiki ile ilikwenda mwendo gani wala barabara yenu ikoje. Lakini mtoto wa miaka mitatu humponyoka hata mtu asiye na kazi nyingine duniani ila kumwangalia, sembuse wewe mwenye jiko na kisima na mwingine mgongoni. Kama kuna jambo ulilolisahau, lango ambalo halikufungwa, lirekebishe kesho asubuhi, na usiruhusu mtu akufanye ulilipie maisha yako yote. Usitie sahihi karatasi yoyote inayosema umezembea. Na mumeo nina neno naye, neno nililojifunza kwa jirani yangu wa kiume.

Huyo, kwa wiki kadhaa, hakusema chochote juu ya tikiti maji. Binti naye alikuwa amebadilika. Aliacha kula mezani na wenzake. Alipotumwa alikwenda mikono yake imefungwa nyuma, na mdogo wake aliporudi kutoka hospitali na magongo mawili madogo, hakukubali kumgusa. Mama yake alidhani ni kiburi. Jioni moja, tumekaa kibarazani, baba alimwita binti yake, na mbele yetu sote, mimi, mkewe na mama yake mzazi, akasema kwamba siku ile aliwaona ng'ambo, akaliinua tikiti juu ili mdogo alione, akamwita kwa jina. "Alinikimbilia mimi," akasema. "Hukumwachia. Mimi ndiye niliyemwita." Binti hakulia. Aliuliza kama kesho anaweza kurudi kulala chumba kimoja na mdogo wake.

Nimewahi kumwuliza yule bwana kwa nini aliuliza "ulikuwa wapi?" ilhali alijua yeye mwenyewe alikuwa wapi. Alijibu kwamba ndiyo sababu aliuliza kwa sauti kubwa namna ile.

Kwa hiyo, akina baba, na sisi sote tunaorudi nyumbani jioni, mkimwona mtoto wenu upande wa pili wa barabara, msimwite. Msipunge mkono, wala msimwonyeshe mlichomletea. Geuzeni uso kama hamkumwona, au mwashirieni asimame, kisha vukeni ninyi. Ni jambo dogo, na sijaliona limeandikwa katika bango lolote.

Matuta tuliyapata mwaka 2023, matatu, baada ya barua nne zenye sahihi za nyumba zote za mtaa. Kuna shirika hapa Dar es Salaam, Amend, ambalo limekuwa likiweka matuta, vivuko na njia za miguu kuzunguka shule za msingi, na kazi yake hiyo ilipata tuzo ya kimataifa mwaka 2019. Mwenyekiti wetu aliambatisha habari zake kwenye barua ya tatu, akidhani zitasaidia. Pengine zilisaidia. Madereva wanayalaani matuta yetu, na wa mkato wamerudi kwenye barabara kuu.

Mtoto sasa yuko shule ya msingi. Siku za mvua huchechemea kidogo. Dada yake, aliye sekondari, ndiye anayemvusha asubuhi kabla hajapanda basi lake, nami huwaona kutoka dirishani nikinywa chai. Hamshiki vidole. Humshika kifundo cha mkono, kwa nguvu, na mdogo hulalamika njia nzima kwamba anaumia.